Shimo Kubwa la Mchezo: Tatizo Si Ukubwa

Anayeanza kuendesha michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ya dadu, penseli na mashujaa wa kubuni, hupewa nasaha mbili zinazopingana. Moja humwambia achimbe shimo kubwa: matabaka kumi, kumi na tano, hata ishirini ya vyumba na njia za giza chini ya ngome iliyobomoka, na wachezaji wake watapata shughuli ya miaka. Nyingine humwambia asithubutu, maana mashimo makubwa huchosha. Atengeneze vyumba vitano, kisa kianze na kiishe, watu warudi makwao wameridhika. Wa upande wa kwanza hutaja mashimo mashuhuri kama Greyhawk na Undermountain. Wa upande wa pili hutaja vikundi vilivyoanza kwa shangwe, na kufika tabaka la nne kila mtu akawa na udhuru.

Wote wanasema kweli, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Mashimo makubwa yaliwahi kuwa moyo wa mchezo huu, na mashimo makubwa yanawachosha wengi wanaoyanunua leo. Ubishi kuhusu idadi ya vyumba hautoi jibu. Jibu liko kwenye kanuni: mchezaji analipwa kwa kufanya nini, na kila hatua anayopiga gizani inamgharimu nini.

Lilichimbwa kwa ajili ya nani

Mwaka 1971 Dave Arneson wa Minnesota, aliyekuwa akicheza michezo ya vita na wenzake, aliwaingiza wachezaji wake kwenye mahandaki yaliyo chini ya ngome ya kubuni iliyoitwa Blackmoor. Badala ya kuongoza majeshi, kila mmoja alishika mtu mmoja, akasema mtu huyo anafanya nini, na Arneson akiwa refa akaamua kilichotokea. Mwishoni mwa 1972 alikwenda Lake Geneva, Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax. Gygax naye akachimba shimo lake chini ya ngome ya Greyhawk, na wa kwanza kuingia walikuwa wanawe, Ernie na Elise. Mwaka 1974 Gygax na Arneson wakatoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 kwa kuanzia.

Kijitabu cha tatu kiliweka kipimo ambacho wengi hukirudia bila kuuliza sababu yake. Shimo zuri, kilisema, lisipungue matabaka kumi na mawili kwenda chini, na refa aendelee kuchimba mengine mchezo ukiendelea. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Wachezaji wa Greyhawk walikuwa wengi na hawakuwa wale wale: leo hawa, kesho wale, na siku nyingine zaidi ya kumi kwa pamoja. Kisa chenye mwanzo na mwisho kingevunjika pindi mmoja akikosekana. Shimo halikuvunjika. Aliyekuja aliingia, akatafuta mali, akatoka na kurudi mjini kabla kikao hakijaisha. Wiki ijayo waliingia wengine, wakakuta milango iliyovunjwa na mizoga ya waliouawa na wenzao.

Hakuna aliyetarajiwa kulimaliza. Wachache waliofika chini kabisa Greyhawk walimkuta mchawi mwendawazimu aliyeijenga ngome hiyo, naye akawaporomosha kwenye mserereko uliopenya dunia nzima na kuwatoa China. Huo ni utani wa refa, lakini unaonyesha kwamba mwisho wa shimo haukuwa lengo la mtu yeyote.

Kanuni zilizolibeba, na zilivyoondoka

Katika kanuni za awali, sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa mjini ilikuwa na thamani ya pointi moja ya uzoefu, yaani malipo yanayomkuza mhusika. Kuua zimwi nako kulilipa, lakini nyongeza ya kanuni iliyotoka 1975 ilipunguza malipo hayo vikali: zimwi dogo lililokuwa na thamani ya pointi 100 likabaki na 10. Maana yake kimchezo ni kubwa. Mchezaji mwerevu alilikwepa pigano, akaliiba sanduku, akakimbia. Shimo likawa mahali pa wizi wa hatari, na ujanja ukalipa kuliko upanga.

Halafu kuna muda. Dakika kumi za ndani ya mchezo zilihesabiwa kuwa zamu moja. Mwenge ulidumu zamu sita, taa ya mafuta zamu 24. Mwisho wa kila zamu refa alirusha dadu ya pande sita. Ikitua sita, zimwi linalozurura lilijitokeza, na mazimwi ya kuzurura kwa kawaida hayakubeba mali ya maana. Kwa hiyo kusimama kubishana kwenye njia panda kulikuwa na bei. Majeraha nayo yalipona polepole, siku baada ya siku, na mtu asingeweza kulala chini mle na kuamka mzima.

Mambo haya yalishikana. Dhahabu ilimvuta mchezaji chini, mwenge uliopungua ukamsukuma juu, na shimo likawa na pumzi ya kuingia na kutoka.

Toleo la pili la 1989 liliigeuza kanuni ya dhahabu kuwa ya hiari. Toleo la tatu, la 2000, lililenga zaidi pigano lililopimwa ili lilingane na nguvu ya kikundi. Toleo la tano, la 2014, likampa mchawi mwanga wa bure usioisha, likawapa wahusika wengi macho ya kuona gizani, na likaruhusu usingizi wa saa nane kurudisha uhai wote. Hakuna ubaya katika hilo. Watu wengi walikuwa wamechoka kuhesabu mienge, na mchezo huo ukapendwa kuliko wakati wowote. Lakini ramani za mashimo zilibaki zile zile. Likaondolewa lililomsukuma mchezaji, likaachwa handaki refu.

Ongeza hesabu ya saa. Kitabu cha refa cha 2014 kinakadiria kwamba kikundi kinaweza kuhimili mapambano sita hadi nane kwa siku moja ya mchezo. Tuseme saba, kila moja dakika arobaini na tano: ni zaidi ya saa tano, yaani vikao viwili vya jioni kwa siku moja tu ya wahusika. Shimo la matabaka 23, kama la kitabu cha 2018 kuhusu Undermountain, likichezwa chumba kwa chumba kwa mwendo huo, litawazeesha watu mezani.

Wanaosema shimo ni kuzimu

Kuanzia miaka ya 2000 liliibuka vuguvugu la kurudia kanuni za kale. Kitabu cha kanuni cha OSRIC, cha 2006, ni mojawapo ya alama zake. Ndani yake kuna kambi ya kwanza: wanaoshikilia kwamba shimo lisielezwe. Ni kuzimu, na lina chuki na wanaoingia. Wanatumia ushahidi wa kanuni za 1974 zenyewe: milango hukwama mbele ya wachezaji lakini hufunguka yenyewe kwa mazimwi, na mazimwi huona gizani ilhali binadamu haoni. Ukiuliza joka limepitaje kwenye mlango wenye upana wa mita moja, umeuliza swali la ulimwengu mwingine.

Nguvu ya msimamo huu ni uhuru. Refa anaweza kuweka bustani chini ya bahari chini ya jangwa, na hadaiwi maelezo. Hofu nayo hubaki, kwa sababu mahali pasipo na sheria za kawaida hapazoeleki. Udhaifu wake ni kwamba mchezaji hawezi kufikiri mbele. Akiona kinyesi cha mnyama hawezi kukisia nini kiko nyuma ya kona, maana huenda hakuna uhusiano wowote. Na mchezaji asiyeweza kukisia huacha kuwa mjanja. Hurusha dadu tu na kungoja.

Wanaotaka kila kitu kiwe na sababu

Kambi ya pili huuliza: mazimwi haya yanakula nini? Maji yanatoka wapi? Nani alichimba, na udongo aliutupa wapi? Si maswali ya kejeli. Mji wa chini ya ardhi wa Derinkuyu, katika eneo la Cappadocia nchini Uturuki, unashuka takriban mita 85, na anayeutazama anapata majibu yote: visima, mashimo ya kupitisha hewa, mazizi, mashinikizo ya zabibu, na milango ya mawe ya mviringo iliyovingirishwa kutoka ndani. Kila kitu kipo kwa sababu watu walikusudia kukaa humo adui akiwa juu.

Shimo lililochorwa kwa fikra hii humlipa mwenye macho. Akipata kisima, anajua kuna wanaokuja kuteka. Akiziba tundu la hewa, anaweza kuwatoa wakazi bila kuchomoa upanga. Hapo mchezo unakuwa wa akili kwelikweli. Gharama yake inaangukia kwa refa: saa nyingi za kuandika historia ambayo wachezaji hawataisoma. Marefa wengi huipenda kazi hii kupita kiasi, wakatunga enzi tatu za wafalme kabla ya kuweka mlango wa kwanza. Kuna pia hatari ya shimo kuwa la kawaida mno, lenye jiko, stoo, choo na bweni, kila kitu mahali pake na hakuna cha kushangaza.

Tunda bora la kambi hii ni makundi yanayohasimiana. Mahali penye chakula kichache na maji machache pana ugomvi, na penye ugomvi mchezaji ana pa kuingilia. Kanuni za Dungeons & Dragons za 1981, zilizohaririwa na Tom Moldvay, zilikuwa na chombo kinachosahaulika: kikundi kikikutana na zimwi, refa hurusha dadu mbili kuona limepokeaje ujio wao. Hushambulia papo hapo mara moja tu kati ya 36. Mara 16 kati ya hizo 36 halijaamua. Waswahili walishasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na refa anayeitumia kanuni hii hupata shimo lenye wapatanishi, wasaliti, na watoza ushuru wa ngazi. Anayeiruka hupata machinjio.

Wanaotanguliza kisa

Kambi ya tatu haikuanza jana. Tracy na Laura Hickman walitoa Ravenloft mwaka 1983: ngome moja, bwana mmoja mwovu mwenye huzuni yake, usiku mmoja. Toka hapo wengi waliona kwamba vyumba vichache vyenye maana vinashinda mia vyenye panya. Ushauri wa vyumba vitano ni mjukuu wa fikra hiyo: mlango wenye mlinzi, fumbo, pigo la kurudisha nyuma, pambano kuu, na zawadi au siri.

Kwa watu wazima wenye kazi na familia, ni vigumu kuupinga. Kikao kimoja kinatosha, kila mtu anapata zamu yake, hakuna chumba cha bure. Kasoro yake huonekana baada ya miezi. Njia ni moja, na refa anajua itakakofika. Wachezaji nao hugundua, hata kama hawasemi. Uamuzi wa kurudi nyuma, wa kushuka zaidi, wa kumwacha adui na kumwendea mwingine, haupo. Na hatari imepimwa ili waiweze. Shimo la kale liliwaachia wachezaji kupima wenyewe: tabaka la kwanza ni la wanyonge, la sita ni la wababe, na ngazi ile pale haikukatazi. Ukifa tabaka la sita ukiwa mgeni, ulijipeleka.

Ramani na njia ya kurudi

Mahali ambapo kambi zote tatu zinaweza kukubaliana ni kwenye ramani, na jina linalopaswa kutajwa hapa ni Jennell Jaquays. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha shimo, The Caverns of Thracia, kupitia kampuni ya Judges Guild, na mpaka leo wabunifu wanakisoma. Baadaye alibuni ramani za michezo ya kompyuta kama Quake II na Quake III. Alifariki Januari 2024. Alichokifanya Thracia ni kukataa njia moja. Kuna maingilio zaidi ya moja. Njia zinazunguka na kukutana tena. Kuna kupanda na kushuka kwa aina nyingi, na baadhi huruka tabaka zima. Kuna sehemu ambazo haiwezekani kuzifikia kutoka hapo ulipo, ila kwa kupitia chini kwanza.

Wasomaji wa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Rider Haggard ya 1885, watalielewa hili haraka. Mlango wa jiwe unashuka, mashujaa wanafungiwa ndani ya chumba cha hazina pamoja na almasi zao. Kinachowaokoa ni swali moja: mbona hewa haiishi? Wanapapasa, wanakuta pete ya jiwe sakafuni, wanainua kifuniko, wanateremkia kwenye mahandaki mengine yanayowatoa nje. Chumba kile bila kifuniko kingekuwa kaburi tu. Kikiwa nacho, ni fumbo lenye ushahidi mezani tangu mwanzo.

Mzunguko kwenye ramani unazaa mambo mengi kwa gharama ndogo ya wino. Unampa mchezaji uchaguzi wa kweli, kwa sababu njia mbili zinafika pamoja lakini kwa hatari tofauti. Unampa adui nafasi ya kuzunguka na kuja kwa nyuma. Unampa anayekimbia mahali pa kukimbilia. Kwenye njia moja, kushindwa pigano ni kufa, na refa mwenye huruma huanza kudanganya dadu. Zaidi ya yote, mzunguko huponya ugonjwa mkuu wa shimo kubwa, yaani safari ya kurudi kazini. Kikundi kilichokwisha safisha matabaka matatu hakitaki kuyapita tena kila wiki. Ngazi ya siri inayotoka tabaka la nne hadi kisimani mwa kijiji, wakiigundua wenyewe, inakuwa zawadi kuliko upanga wa ajabu.

Kuna bei. Wachezaji hupotea, na mchoraji wao wa ramani hulaumiwa. Kumwelezea kwa mdomo mtu anayechora kwenye karatasi ya miraba kunakula muda, na si kila meza inafurahia. Wengi leo huonyesha ramani kwenye skrini, ikifunuka kadiri watu wanavyotembea. Muda unaokolewa, lakini ule ushindi wa kugundua kwamba ukuta huu na ukuta ule vinaficha chumba katikati unapungua sana. Mahali fulani lazima uchague, na mimi ningechagua karatasi kwa shimo kubwa na skrini kwa dogo.

Vyumba vitupu na kurasa nyingi

Jedwali la Moldvay la 1981 la kujaza vyumba linashangaza wanaolisoma leo. Chukua vyumba 36: kwa wastani 12 vina mazimwi, sita vina mitego, sita vina kitu cha ajabu, na 12 havina kitu. Theluthi nzima ni tupu! Refa wa siku hizi huona uvivu. Lakini chumba kitupu ni mahali pa kujificha, pa kufungia mlango na kuhesabu mishale iliyobaki, pa kuacha mali nzito ufuate baadaye. Tena ndicho kinachofanya mlango unaofuata uogopwe. Lakini ukiondoa sheria ya muda, chumba kitupu kinarudi kuwa kile wanachokilalamikia watu: kupoteza wakati. Ni kanuni inayokipa kazi.

Kuhusu maandishi ya vitabu vya mashimo, soko limetoa mafunzo ya wazi. World's Largest Dungeon ya 2004 ilizidi kurasa 800 na kuuzwa dola 100. The Halls of Arden Vul ya 2020 ilizidi 1,100, na ina wapenzi wa dhati, lakini inataka refa mwenye kusoma kama anayejiandaa na mtihani. Michael Curtis, katika Stonehell ya 2009, alikwenda kinyume: aligawa kila tabaka katika sehemu nne, akaweka ramani na maelezo mafupi ya vyumba mahali pamoja. Refa anaweza kuiendesha akiwa ameisoma saa moja kabla. Hata kisanduku cha Undermountain cha Ed Greenwood cha 1991 kilieleza matabaka matatu ya juu na kuacha vyumba vingi wazi makusudi, refa ajaze mwenyewe.

Mizani

Ukiziweka kambi zote kwenye mizani, ile ya sababu inashinda kwa matabaka ya juu, ambako wachezaji wanajifunza kusoma dalili na kufanya mapatano. Ile ya kuzimu inafaa chini, ambako tayari wana mazoea yanayohitaji kuvunjwa. Kambi ya kisa iachiwe sehemu ndogo ndani ya shimo: kaburi la vyumba vitano hapa, hekalu pale, kila kimoja kikiwa na mwisho wake ili watu wapate kupumua. Thracia ilifanya karibu hivyo, na haikuhitaji kurasa elfu.

Lakini yote hayo ni ya baadaye. Kabla ya kuchukua penseli, refa aamue nini kinalipwa. Akitumia toleo la tano, arudishe malipo ya mali iliyofikishwa mjini, azuie usingizi mnono ndani ya shimo, na kila baada ya muda fulani dadu ya mazimwi ya kuzurura irushwe bila kuonea mtu haya. Ayafupishe mapigano: mazimwi yakimbie yakishindwa, kama kanuni za zamani za ari zilivyotaka. Asipokuwa tayari kufanya hivyo, hakuna ramani itakayomwokoa. Akiwa tayari, achore matabaka matatu tu, maingilio mawili, na ngazi angalau moja inayoruka tabaka. Mengine ayachimbe wachezaji wakiwa wanakaribia, kama Gygax alivyofanya.

Na kama meza yako ina watu wanne wale wale, wanaokutana mara moja kwa mwezi na wanaopenda mapigano marefu yenye mbwembwe, usichimbe shimo kubwa. Tengeneza vyumba vitano.